Kwa nini mwanangu anachelewa? Maswali ambayo wazazi wananiuliza kila wiki

Udaktari sijasomea, mimi ni mama. Mwanangu ana miaka 5, ana mtindio wa ubongo, na miaka minne sasa kila Jumanne na Alhamisi nakaa kwenye benchi nje ya chumba cha mazoezi ya viungo hapa Dar nasubiri zamu yetu. Wamama tunabanana pale, na karibu kila wiki anakuja mgeni, mtoto mgongoni, anakaa kimya nusu saa nzima halafu ananigeukia anauliza taratibu, dada, hivi hii ya mtoto kuchelewa kukaa, kutembea au kuongea inatokana na nini? Maswali ni yale yale niliyokuwa nayo mimi. Nimeyaandika kama ninavyoyajibu pale benchini, na yale ya kitaalamu nimewauliza watu wa fizio na madaktari wa watoto mara nyingi mpaka wamenizoea. Chanzo tunakitafuta kwa sababu vingine vina dawa, na dawa ina muda wake, ukipita umepita.

Kuchelewa ndo kukoje? Si kila mtoto ana wakati wake?

Ana wakati wake ndiyo, ila huo wakati una mwisho. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wazima wa Ghana, India, Oman, Norway na Marekani, likakuta kutembea bila kushikwa kunaanzia kwenye miezi 8 mpaka miezi 17 na nusu hivi, na kukaa mwenyewe kunaanzia karibu miezi 4 mpaka miezi 9. Kwa hiyo wako ana miezi 14 hajatembea, tulia. Ana miezi 18 hajatembea, mpeleke akaangaliwe. Ana miezi 9 na ukimkalisha anaanguka kama gunia, mpeleke. Miaka 2 awe anaunganisha maneno mawili, "mama njoo", "taka maji".

Na usiangalie miguu tu, wengi tunaangalia miguu. Kuna kuongea, kuna kuelewa unachomwambia, kuna mikono, kuna kucheza na wenzake, kuna kujilisha na kusema anataka kwenda chooni. Akichelewa sehemu moja ni jambo moja, akichelewa mbili au zaidi madaktari wanatafuta kitu kikubwa kidogo. Halafu yupo mtoto aliyekuwa anaongea au anatembea akaacha, huyo usimsubirie hata mwezi uishe.

Mama mkwe anasema tumembemenda, yaani tumefanya tendo la ndoa mtoto akiwa bado ananyonya. Ni kweli?

Hapana mama, na hili swali linaniumiza kuliko yote maana nimeona ndoa mbili zikivunjika pale pale benchini kwa ajili yake. Tendo la ndoa halimfanyi mtoto awe goigoi wala haliharibu maziwa, na baba kutoka nje ni kosa lake kwa mke wake, ila haliingii kwenye ubongo wa mtoto.

Ila wazee hawakuwa wajinga, kuna kitu walikiona. Walimuona mtoto wa miezi 8 mama yake ana mimba nyingine, ameachishwa ziwa ghafla, anapewa uji mtupu, anakonda, anachelewa kutembea. Hicho walichokiona kipo kweli, na mimba kupishana kwa muda mfupi ni hatari inayojulikana, kwa mtoto aliyepo na kwa anayekuja pia, anaweza kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Sababu waliyoipa ndo haikuwa yenyewe. Kwa hiyo dawa yake ni uzazi wa mpango na chakula, haipo kwenye majani ya kumuogesha.

Mbona kila daktari ananiuliza habari za leba?

Kwa sababu ubongo wa mtoto hauvumilii kukosa oksijeni, dakika chache tu sehemu zinaanza kufa. Wanaita mtoto kuzaliwa amechoka. Uchungu uliokaa muda mrefu mno, kitovu kutangulia, kondo kuachia kabla ya wakati, mama kupata kifafa cha mimba, mtoto mkubwa amekwama, vyote hivi vinaweza kumkata hewa. Daktari atataka kujua alilia saa ngapi, alinyonya siku ya kwanza, alipata degedege ndani ya siku mbili tatu za mwanzo? Kuna alama za Apgar pia, za kupima hali ya mtoto anapozaliwa, zinaandikwa mfano 4 na 8 kwa 10, ya kwanza imepimwa dakika ya 1 na ya pili dakika ya 5. Hiyo ya dakika ya 5 ikiwa chini sana inampa daktari pa kuanzia.

Ndo maana manesi wanafundishwa ile dakika ya dhahabu, mtoto asiyepumua asaidiwe kabla dakika ya kwanza haijaisha, afutwe, asuguliwe mgongo, apewe hewa kwa kile kimfuko. Mafunzo hayo yalijaribiwa hapa Tanzania, matokeo yakatoka 2013, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vikashuka karibu nusu. Nesi mmoja mwenye kimfuko na mikono yenye mazoezi anaokoa ubongo wa mtu mzima wa kesho.

Ila sio kila aliyechoka anachelewa, wengi wanatoka salama kabisa, na sio kila mwenye mtindio aliumia leba. Usimchukie mkunga wako kabla hujajua.

Manjano nayo inaleta haya? Si watoto wote wanapata?

Hapa mnisamehe nitaongea sana, hii ndo ya kwangu.

Mwanangu alizaliwa ana kilo 3.1, akalia vizuri, akanyonya, hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Siku ya pili jioni macho yakaanza kubadilika. Chumba chetu kilikuwa na pazia zito, neti imeshushwa, balbu yenyewe inatoa mwanga wa njano, ukimuangalia mtoto humo ndani huoni kitu. Nikampeleka kwenye kituo kimoja, aliyekuwa zamu akamtazama juu juu akaniambia mwanike jua la asubuhi itaisha. Nikawa kila siku saa moja na nusu nimekaa kwenye ngazi na mtoto juu ya khanga, majirani wanapita wananisifu mzazi anajua kulea. Siku ya tano akawa analala tu, ziwa hataki, halafu kilio kikabadilika, kikawa chembamba cha juu kama cha paka, na mgongo ukawa unapinda kwa nyuma. Mama mkwe ndo aliyemchukua akamsogeza mlangoni kwenye mwanga akamgeuza nyayo. Zilikuwa kama zimepakwa binzari. Tulipofika hospitali walimlaza chini ya taa ya bluu siku nne, rangi ikatoka, lakini ubongo ulikuwa umeshaguswa.

Inavyokwenda ni hivi, chembe nyekundu za damu zikivunjika zinatoa kitu kinaitwa bilirubini, ini la mtoto mchanga bado changa halikitoi haraka, kinajaa. Kikijaa kidogo ni kweli watoto wengi wanapata na inaisha yenyewe. Kikijaa kupita kiasi kinaingia kwenye ubongo na kinapenda sehemu zinazoongoza misuli na zile za kusikia. Ndo maana mwanangu mikono inajizungusha bila yeye kutaka na masikio yake hayasikii vizuri, ila akili yake iko, anajua nikimdanganya kuhusu biskuti.

Wa kuangaliwa kwa karibu ni mtoto aliyekuwa wa njano ndani ya saa 24 za kwanza, njiti, mtoto ambaye mama ana damu kundi O au ana damu hasi, na mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD ambao uko mwingi sehemu za malaria kama kwetu na unawapata zaidi wa kiume. Huyo wa G6PD hata vile vidonge vyeupe vinavyonukia tunavyoweka kwenye nguo kabatini vinaweza kuvunja damu yake, kwa hiyo nguo za mtoto mchanga usizitunze navyo. Kumuangalia, mtoe kwenye mwanga wa mchana, bonyeza ngozi ya pua au paji la uso uachie, uone rangi inayobaki, halafu shuka mpaka viganja na nyayo. Viganja na nyayo vikiwa vya njano usiseme nitamwanika kesho. Jua halipimiki, taa ya bluu inapimika.

Wangu ni njiti wa miezi saba. Ana miezi 10 na bado hajakaa, ndo kachelewa?

Toa ile miezi miwili aliyowahi. Wewe unamuona wa miezi 10, ubongo wake ni wa miezi 8, na wa miezi 8 hajavuka mstari. Hivyo ndo wanavyohesabu mpaka afike miaka 2. Njiti ni yeyote aliyezaliwa kabla ya wiki 37, na kadiri alivyowahi ndo hatari inapanda, kwa sababu mishipa ya damu kichwani ni laini inaweza kuvuja, mapafu hayajakomaa, maambukizi yanamshika haraka, na macho pia yanaweza kuharibika kwa hiyo apimwe macho, hili linasahaulika sana. Kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi usidharau, joto linamshika, ananyonya, anaongezeka uzito, na anayeongezeka uzito ubongo wake unapata pa kujengea. Pacha nao wako humu humu maana wengi wanawahi.

Nilikosea nini wakati wa ujauzito?

Pengine hukukosea chochote. Nakutajia yanayojulikana ili ujue ya kumwambia daktari, na kwa mimba inayokuja.

Pombe. Hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama, iwe bia, mbege, ulanzi au gongo, inapita kwenye kondo moja kwa moja. Dawa za kifafa, hasa ile ya sodiamu valproeti, inahusishwa na mtoto kuchelewa, lakini usiiache mwenyewe maana kifafa kikikupiga na mimba ni hatari nyingine, muone daktari akubadilishie, ikiwezekana kabla hujashika mimba. Maambukizi, yaani kaswende, rubela, VVU, vyote vinaweza kumfikia mtoto tumboni, na ndo sababu hudhurio la kwanza wanakutoa damu na kumuita na baba. Kinga ya rubela iko kwenye chanjo ya surua na rubela ambayo watoto wa Tanzania wanapata tangu 2014.

Asidi ya foliki inajenga uti wa mgongo na ubongo mwezi wa kwanza kabisa, wengi hatujui hata kama tuna mimba, na ikikosekana hatari ya mgongo wazi inapanda, ambao mara nyingi unakuja na kichwa kujaa maji. Zile fefo, vidonge vya madini ya chuma na foliki, zimezeni jamani, najua zinachafua tumbo, meza usiku ukilala. Madini joto, hayo yaliyo kwenye chumvi, yakikosekana kwa mama ubongo wa mtoto haukui sawa, na duniani kote hiyo inahesabiwa ndo sababu kubwa ya ulemavu wa akili inayoweza kuzuilika. Chumvi ya mawe inayopimwa kwa kopo sokoni mara nyingi haina, nunua iliyoandikwa imewekwa madini joto, tofauti ya bei ni ndogo.

Na udongo, dada zangu. Hamu ya udongo mara nyingi ni mwili unalilia madini ya chuma, damu imepungua, na udongo wenyewe unazuia hiyo chuma kidogo uliyonayo isifyonzwe, unaweza kuwa na mayai ya minyoo na wakati mwingine madini ya risasi. Ukiona hamu imekuzidi, kapime damu.

Ni ya kurithi? Upande wangu hamna, kwa hiyo ni wa mume wangu?

Vya kwenye damu vipo ila haviendi hivyo. Mfano Down, mtoto ana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili, na mara nyingi sana haikurithiwa na mtu, ilitokea tu yai linapogawanyika. Hatari inaongezeka na umri wa mama, ukiwa na miaka 20 ni mmoja kati ya 1,500 hivi, ukifika 40 ni karibu mmoja kati ya 100, ila kwa kuwa wadada wadogo ndo wanaozaa sana watoto wengi wa Down mama zao ni vijana. Usonji nao kwa sehemu kubwa una mizizi kwenye vinasaba, unaonekana zaidi kwa wa kiume, na hautokani na mama kuwa mkali wala kumnyima mtoto mapenzi.

Selimundu wengi hawaihesabu humu. Tanzania wanazaliwa karibu watoto 11,000 kwa mwaka wenye ugonjwa huu, na damu yao inaweza kuziba mshipa wa kichwani mtoto akapata kiharusi mdogo kabisa, unaona mkono mmoja hautumii, au mdomo umekwenda upande. Mtoto wa miaka 3 kupata kiharusi watu hawaamini, wanasema kapigwa na jini.

Kuhusu ndoa za watoto wa ndugu, huku pwani yetu ni kitu cha kawaida na siwezi kumsema mtu. Ninachojua ni kwamba binamu wakioana, vile vinasaba vibovu vilivyojificha vinakutana kirahisi zaidi, kwa hiyo hatari inapanda, haifiki kuwa uhakika, wengi wanazaa watoto wazima kabisa. Ukiwa mmeshapata mmoja mwenye shida ya namna hiyo, mwambieni daktari mna undugu gani, msifiche, maana anabadilisha vipimo anavyoomba.

Na upande wa nani? Ugonjwa wa kurithi mara nyingi unahitaji pande zote mbili zichangie, ndo ilivyo hata kwenye selimundu.

Alikuwa mzima kabisa, akapata degedege, tangu hapo hayuko sawa. Ni mashetani?

Ni homa iliyofika kichwani mama. Tofautisha mawili. Kuna degedege la homa tu, mtoto anakakamaa dakika chache anarudi vizuri, hilo kwa kawaida haliachi alama. Na kuna malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, huyo anapoteza fahamu, haamki, shingo inakaza, au degedege linarudi linarudi. Wenzetu Kampala waliwafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo, baada ya miaka miwili karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na shida ya kufikiri, kukumbuka au kutulia. Uti wa mgongo unapenda kuondoka na masikio, mtoto anapona anatembea lakini hasikii, wazazi wanasema amekuwa mkaidi.

Ninayemuombea kila siku ni yule anayepelekwa kwanza kufukiziwa mavi ya tembo, siku mbili zinapita, ndo anapelekwa hospitali. Dua soma, omba, mimi pia naomba, lakini uwe ndani ya bajaji unaelekea hospitali huku unaomba.

Chanjo ndo zimemfanya asiongee?

Hapana. Uvumi ulitokana na makala ya 1998 iliyounganisha chanjo ya surua na usonji kwenye jarida la Lancet la Uingereza, na jarida lenyewe likaifuta 2010. Mtoto anachanjwa karibu na umri ule ule ambao usonji unaanza kuonekana, ndo watu wakaunganisha. Ambaye hakuchanjwa surua ndo ubongo wake uko hatarini.

Anakula anashiba kabisa, chakula kinaweza kuwa sababu?

Kushiba na kulishwa ni vitu viwili. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 3 kati ya 10 wa chini ya miaka 5 Tanzania wamedumaa, na mikoa inayolima sana mahindi na mpunga imo miongoni mwa zinazoongoza, kwa hiyo njaa peke yake haitoshi kulielezea. Mtoto anapewa uji wa sembe asubuhi, ugali na mchuzi mchana, chai ya rangi na mkate jioni, tumbo limejaa, ila yai hamna, dagaa hamna, maharage kijiko kimoja, mboga ameachiwa mkubwa. Chai nayo inazuia madini ya chuma, mtoto mdogo hana haja nayo. Ikikosekana chuma mtoto anakuwa mweupe wa viganja, anachoka, hachezi, hatambai kutafuta vitu, na asiyechezea vitu hajifunzi. Zaidi ya nusu ya watoto wetu wadogo damu ni pungufu, tumeizoea mpaka tunaona ndo walivyo.

Ubongo unakua kwa kasi mno mwanzoni, mtoto akifika miaka 2 umeshafika karibu asilimia 80 ya ukubwa wa mtu mzima, kwa hiyo lishe ya darasa la kwanza haiwezi kufidia yote. Saga dagaa waliokaushwa, chota kijiko weka kwenye uji, ni bei rahisi kuliko hata ile unga wa lishe wa madukani. Na akiwa na matege na kuchelewa kutembea mwambie daktari apime mifupa, mtoto anayefungiwa ndani asubuhi mpaka jioni hapati jua, mifupa inalainika.

Ana miaka 2 na nusu haongei, ila anasikia, nikifungua pakiti ya biskuti chumbani anakuja mbio.

Pakiti sio kipimo. Mtoto anaweza kusikia mlio wa aina fulani na asisikie sauti za maneno, au akaona kivuli chako. Cha kwanza kwa kila anayechelewa kuongea ni kupimwa masikio kwa mashine, hata kama unaapa anasikia. Waliowahi kutoa usaha masikioni mara kwa mara, waliougua uti wa mgongo, waliopata manjano kali, waliochomwa sindano za jentamaisini muda mrefu wakiwa wachanga, wote hao wasikose.

Kuhusu ulimi na kimeo, tafadhali. Kimeo hakina uhusiano wowote na kuongea, na kukikata kienyeji kumeua watoto kwa kutoka damu. Utepe chini ya ulimi ukiwa mfupi unaweza kusumbua kunyonya au kutamka vizuri, lakini haumfanyi mtoto akose maneno kabisa.

Lugha mbili nyumbani, Kichaga kwa bibi na Kiswahili kwa mama, haichelewishi. Wa kiume kweli wanachelewa kidogo kuliko wa kike, ila ni kidogo, sio mwaka mzima. Na tivii, hapa nasema na moyo wote, mtoto anajifunza kuongea kwa kujibiwa, katuni haimjibu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini, wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku. Nimeona mtoto ana miaka 3 anahesabu mpaka kumi kwa Kiingereza cha kwenye simu na hawezi kumwambia mama yake nina kiu.

Nimesikia habari ya sumu ya madini. Inatuhusu?

Inatuhusu sana. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari katikati ya nyumba za watu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi pale, mwanawe akaugua, wakahangaika na malaria na taifodi, kuja kupima damu kumbe ni madini ya risasi. Akaanza kupigania mtaa mzima, akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman 2015, na 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Risasi inaingia kwenye ubongo wa mtoto inashusha uwezo wa kujifunza, na madaktari hawajapata kiwango chake wanachoweza kusema ni salama.

Kwetu angalia fundi betri anayefanyia kazi uani, rangi za zamani zinazobanduka ukutani, na baadhi ya wanja. Wanja wa kupaka watoto wachanga kuna wa aina nyingine umesagwa kutoka kwenye jiwe lenye risasi, na mtoto anajifuta machoni anaweka mkono mdomoni. Ningekuwa wewe nisingempaka.

Namuachia dada wa kazi kutwa nzima. Malezi yanaweza kumchelewesha?

Yanaweza, hata kama alizaliwa mzima na anakula. Mtoto asiyesemeshwa, asiyebebwa, anayekaa kwenye nyumba ya ngumi na matusi, ubongo wake unatumia nguvu kuogopa. Mama aliyeshikwa na sonona baada ya kujifungua naye anashindwa kumchekea mtoto, na huyo mama anahitaji matibabu, sio kuambiwa ana deko. Simlaumu dada wa kazi, mara nyingi naye ni mtoto wa miaka 16 aliyepewa kupika, kufua na kulea kwa wakati mmoja. Mfundishe amsemeshe anapomuogesha, hili sikio, hili goti, lete mguu. Haina gharama.

Vipimo vyote tumefanya hakijaonekana chanzo. Sasa?

Inatokea kwa wengi, hasa huku ambako vipimo vya vinasaba ni vya shida na pesa. Ila hakikisha kimoja kimefanyika, homoni ya tezi ya shingo. Nchi nyingi tajiri wanampima kila mtoto siku za kwanza, huku kwetu hapimwi mpaka mzazi alalamike. Mtoto ambaye tezi haifanyi kazi anakuwa mpole, analala sana, ulimi mkubwa, choo kigumu, watu wanamsifu hasumbui. Akianzishiwa kidonge ndani ya wiki mbili za mwanzo anaweza kukua sawa na wenzake, akicheleweshwa kinachopotea kichwani hakirudi chote. Kipimo ni damu tu.

Na mazoezi hayasubiri jina la ugonjwa. Anza wiki hii.

Tuanzie wapi, na tubebe nini?

Kliniki ya mtoto ya karibu, omba rufaa ya daktari wa watoto. Kwa Dar kuna hospitali za Muhimbili na CCBRT, kaskazini KCMC Moshi, kanda ya ziwa Bugando Mwanza. Ndugu zetu wa Kenya wana vituo vya tathmini vya EARC kwenye kaunti na pale KISE, taasisi ya elimu maalumu, Nairobi. Usimsubirishe mpaka aanze chekechea ndo mwalimu akwambie.

Beba kadi ya kliniki ya mtoto na ile ya ujauzito wako, karatasi ya ruhusa ya hospitali uliyojifungulia, na dawa zote alizowahi kutumia hata za kienyeji, zifunge kwenye mfuko uende nazo. Rekodi video kwenye simu akiwa nyumbani anacheza, anakula, anajaribu kusimama, na kama anashtukashtuka rekodi hiyo hasa, maana akifika mbele ya koti jeupe atalia tu na daktari hataona kitu. Mpeleke asubuhi ameshiba. Na baba aje. Sisi benchini tumeshawabana wababa wawili wamekaa nasi, mmoja anajua kunyoosha mguu wa mwanawe vizuri kuliko mimi.